Taa za Gari Pwani: Kabla ya Kununua Globu, Kagua Hasi

Usiku kwenye barabara kuu, kati ya Ukunda na Msambweni, dereva anaona taa moja ikimjia kutoka mbali. Anadhani ni bodaboda, kwa hivyo hahangaiki sana kujibana pembeni. Mwanga ukikaribia ndipo inapobainika kwamba nyuma yake kuna Probox iliyosheheni magunia, tena taa iliyokufa ni ya kulia, ule upande wa katikati ya barabara ambako magari hupishana. Gari chongo la namna hiyo halihitaji mwendo wa kasi wala dereva mlevi ili liue mtu. Globu moja ya shilingi mia chache iliyopuuzwa inatosha.

Giza la Kwale huingia kwa haraka. Hapa ni karibu na ikweta, jua likishazama mwanga wa jioni haukai, na kufika saa moja na robo usiku umetanda, iwe Januari au Julai. Ukishaziacha taa za mji wa Ukunda ukielekea Gazi, Msambweni na hatimaye mpaka wa Lunga Lunga, mwanga wa kutegemea ni ule uliobebwa na gari lako. Mbele yako yuko mama mwenye buibui jeusi anayetembea ukingoni mwa lami, iko baiskeli isiyo na rifleta, liko trela la miwa karibu na Ramisi. Barabara ya Diani Beach ina komba wanaotoka usiku. Njia ya Kwale kwenda Kinango inapakana na hifadhi ya Shimba Hills, na ndovu, kwa rangi yake ile ya kijivu, huonekana umeshamfikia.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la kawaida la volti 12: Probox, Fielder, Noah, hata Hiace ya abiria. Mengi yaliyomo yanamfaa pia mwenye tuktuk. Shabaha yake ni kukuwezesha kujua kilichoharibika kabla ya kutoa pesa, na kutengeneza mwenyewe kile kinachotengenezeka nyumbani.

Chumvi ndiyo mshukiwa wa kwanza

Taa ikizimika Nakuru au Eldoret, mtu hana makosa akianza kwa kushuku globu. Pwani hesabu ni nyingine. Upepo wa kusi, na kaskazi vilevile, hutoka baharini na kuleta chembe za chumvi ambazo hutua kila mahali: kwenye mabati, kwenye madirisha, na ndani ya mapengo madogo ya taa za gari. Chumvi hufyonza unyevu wa hewani. Hata siku isiyo na mvua, kwenye soketi ya taa huwa pana utando mwembamba wa maji ya chumvi, na utando huo ndio unaokula chuma. Shaba hugeuka unga wa kijani, bati la bodi hupata kutu nyekundu, na pale ambapo shaba imefungwa moja kwa moja juu ya bati la chuma, uharibifu huenda kasi zaidi kwa sababu metali mbili tofauti zimekutana kwenye maji ya chumvi.

Sasa angalia umeme wa gari unavyosafiri. Chanya ina nyaya zake zinazotoka kwenye betri, zikapita kwenye fyuzi na swichi hadi kwenye taa. Hasi kwa kawaida haina waya wa kurudi hadi kwenye betri. Kila taa, au kila kundi la taa, ina waya mfupi uliofungwa kwa bolti kwenye bodi, na bodi yenyewe ndiyo njia ya kurudia. Kwenye Toyota nyingi waya huo ni mweupe wenye mstari mweusi. Kwenye Nissan nyingi ni mweusi mtupu. Mafundi huuita waya wa athi. Bolti hiyo ndogo, iliyojificha nyuma ya taa au chini ya zulia la buti, hukaa kwenye vumbi na chumvi kwa miaka bila mtu kuikumbuka. Ndiyo maana kwenye gari la pwani inafaa kuanza hapo, kabla hujakwenda duka la spea.

Hasi mbovu haizimi taa mara moja. Hupunguza volti kidogo kidogo, na globu ya uzi huadhibu sana upungufu huo: volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Dereva huzoea. Huanza kulalamika kwamba macho yake yamezeeka, au kwamba globu za siku hizi hazina maana, kumbe globu inapata volti 11 badala ya 13.

Vifaa vyenyewe

Havizidi kikapu kimoja. Unahitaji testa ya gari, ile ya umbo la bisibisi yenye ncha kali, globu ndogo ndani na waya wenye kibano. Mita ya dijitali, ya bei nafuu inatosha. Msasa laini, mswaki wa zamani na brashi ndogo ya nyaya. Kipande cha waya wa mita 2 chenye kibano kila upande. Fyuzi za akiba. Na vaselini au grisi ya silikoni. Testa itumie kwenye taa na fyuzi peke yake. Usiidunge kwenye nyaya za manjano zilizo chini ya usukani, ambazo ni za mifuko ya hewa, wala kwenye nyaya za kompyuta ya gari.

Kipimo cha kwanza ni betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, soma tena: kati ya 13.8 na 14.5 ni salama. Ikiwa iko chini ya 13 na taa zinang'aa zaidi ukikanyaga mafuta, tatizo ni la alternata au mkanda wake, wala usipoteze muda kwenye taa. Ikipita 15, regyuleta imeharibika, na hiyo ndiyo sababu globu zako zinaungua kila baada ya wiki chache.

Kisha lizunguke gari. Washa taa ndogo, tembea, tazama zote. Washa dimu, kisha fulu, kisha indiketa za kila upande, kisha hazadi. Kwa breki na rivasi utahitaji mtu wa kukusimamia nyuma. Ukiwa peke yako, rudisha gari karibu na ukuta mweupe wakati wa magharibi na utazame mwanga kwenye kioo. Andika ulichokiona. Maandishi hayo ndiyo yatakayokuongoza, kwa kuwa taa moja iliyokufa ina maana tofauti kabisa na taa mbili zilizokufa pamoja.

Taa ya nyuma inayobabaika

Chukua mfano ambao kila fundi wa waya wa Ukunda ameuona. Probox ina taa ya nyuma ya kushoto iliyofifia. Ukikanyaga breki, taa hiyo haiongezi mwanga. Badala yake indiketa ya upande huohuo inawaka kidogo. Ukiwasha indiketa, taa ndogo inapepesa pamoja nayo. Mwenye gari amebadilisha globu zote tatu na hakuna lililobadilika.

Hapa hasi imekatika. Umeme wa breki umefika kwenye globu, umekosa njia ya kurudi, ukatafuta nyingine: umeingia kwenye uzi wa indiketa kinyumenyume na kurudi kupitia indiketa nyingine ya upande huohuo. Kila mara utakapoona taa moja ikiwasha nyingine isiyohusika, wazo lako la kwanza liwe athi.

Uthibitisho unachukua dakika moja. Chukua ule waya wenye vibano, banika upande mmoja kwenye bolti safi ya bodi inayong'aa, au kwenye hasi ya betri ukifika, na upande wa pili uguse kwenye chuma cha hasi cha soketi ya taa. Mtu akanyage breki. Taa ikiwaka vizuri, globu, fyuzi na swichi vyote ni vizima, na kazi iliyobaki ni kusafisha.

Fungua skrubu za taa, uivute nje, na utoe soketi. Mara nyingi utaona midomo ya shaba imevaa unga wa kijani, na tako la globu limechafuka kwa weusi. Chomoa hasi ya betri kwanza. Piga midomo hiyo msasa taratibu mpaka shaba ing'ae rangi yake ya wekundu, pinda kidogo vyuma vya kubania ili viikamate globu kwa nguvu, upulize vumbi. Halafu ufuate ule waya mweupe wenye mstari mweusi hadi kwenye bolti yake. Ifungue. Kwaruza rangi na kutu ya bati chini yake mpaka upate chuma kitupu chenye upana wa sarafu, kwaruza na pete ya waya pande zote mbili, kaza, kisha upake vaselini juu ya kila kitu. Vaselini hupakwa juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa, kwa sababu kazi yake ni kuzuia hewa ya chumvi isiingie.

Waya ukiwa umevimba au umekakamaa karibu na pete, ukate. Kutu ya kijani hutambaa ndani ya plastiki bila kuonekana, na kuusafisha mdomo wake tu ni kujidanganya. Rudi nyuma sentimita kadhaa mpaka ukute shaba safi, uunge kwa kulehemu na risasi, uvike mpira wa kubana kwa joto. Tepu peke yake haifai kwenye joto la pwani. Gundi yake huyeyuka, tepu ikafunguka, na chumvi ikarudi.

Mwenye mita anaweza kupima hasi bila kufungua chochote. Washa taa husika. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha hasi cha taa. Mita ikisoma chini ya volti 0.2, njia ya kurudi ni nzuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, hizo ni volti zinazopotelea kwenye kutu badala ya kutoa mwanga. Kipimo hiki lazima kifanyike taa ikiwa imewashwa, kwa maana umeme usipopita, hata waya uliobakiwa na unyuzi mmoja utaonekana mzima.

Taa kubwa

Magari mengi yaliyoletwa kutoka Japani, hasa ya kazi, hutumia globu ya H4: nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 60 za fulu na wati 55 za dimu, na miguu mitatu nyuma. Ikifa dimu na fulu inawaka, uzi mmoja umekatika; badilisha globu. Zikifa zote mbili za upande mmoja, nenda kwenye fyuzi, maana magari mengi yana fyuzi moja ya kushoto na nyingine ya kulia. Zikifa dimu za pande zote mbili usiku mmoja, shuku rilei au swichi, lakini kabla ya hapo zitoe globu uzitazame. Mara nyingi moja ilikufa siku nyingi zilizopita bila dereva kujua, na usiku huu ya pili ndiyo imeifuata.

Rilei hupimwa kwa njia rahisi. Tafuta nyingine ndani ya kisanduku yenye namba ileile, mara nyingi ya honi, uzibadilishane. Taa zikiwaka na honi ikanyamaza, umeshampata mkosaji.

Tahadhari moja kuhusu Toyota za zamani, pikapu na Land Cruiser zikiwamo: kwenye nyingi kati ya hizo, swichi ya dimu na fulu hukata upande wa hasi. Fundi anayedunga testa na kukuta chanya kwenye mguu wa taa hata ikiwa imezimwa, asidhani waya umeungana vibaya. Ndivyo zilivyoundwa, na wako waliokata nyaya nzima kwa kutolijua hilo.

Itazame pia soketi yenyewe ya plastiki. Ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka kwenye mguu mmoja, palikuwa na kiungo kilicholegea kikichemka kila usiku. Globu mpya kwenye soketi hiyo haitadumu. Nunua soketi ya kauri. Na usikubali kuuziwa globu ya wati 100 kwa ahadi ya mwanga mkali: kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampia 8, wakati nyaya za kiwandani zilipangiwa karibu 5. Ziada hiyo huyeyusha soketi, huchoma kioo cha ndani kinachorudisha mwanga, na inaweza kuwasha moto chini ya boneti. Safisha hasi, hakikisha globu ya wati 55 inapata volti 13, na utaona njia vizuri.

Ukiishika globu ya halojeni, ishike kwenye chuma au kwa kitambaa safi. Mafuta ya kidole hubaki kwenye kioo, joto hukusanyika pale, na kioo hupasuka.

Ikitokea taa imekufa usiku njiani, Gazi kwa mfano, na huna globu ya akiba, jambo la kufanya ni moja: hamishia globu nzima upande wa kulia, washa taa ndogo na hazadi, na uende polepole hadi Ukunda au Msambweni. Wanaokuja mbele yako wataona ukingo halisi wa gari lako.

Fyuzi inayoungua tena na tena

Fyuzi ziko kwenye visanduku viwili, kimoja chini ya boneti karibu na betri, kingine karibu na magoti ya dereva. Mfuniko huandikwa: HEAD LH na HEAD RH ni taa kubwa, TAIL ni taa ndogo, STOP ni breki, TURN ni indiketa, HAZ ni hazadi. Rangi hutaja ukubwa: nyekundu ni ampia 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Huhitaji kuing'oa ili kuipima. Mgongoni ina vidoa viwili vya chuma. Banika testa kwenye hasi, washa taa, gusa vyote viwili. Testa ikiwaka kwenye kimoja tu, fyuzi imekatika.

Weka nyingine ya ukubwa uleule. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya wa chanya unaogusa bodi. Hapo ndipo wengi hufanya kosa la kuweka fyuzi ya 30 mahali pa 10, au kuzungushia karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi ipo ili ikatike kabla waya haujashika moto. Ukiizuia isikatike, waya ndio utakaoungua, na waya huo umepita chini ya viti na zulia.

Njia ya kumtafuta mkosaji bila kumaliza pakiti ya fyuzi ni hii. Chukua globu ya wati 21, ilehemu nyaya mbili, na uziingize mahali pa fyuzi. Ng'oa globu zote za njia hiyo, kisha washa swichi. Ile globu ya kupimia ikiwaka kwa nguvu, waya bado unagusa bodi, ila sasa umeme unaopita hauzidi ampia 2 na hautachoma kitu. Anza kutikisa nyaya, kipande kimoja baada ya kingine. Mahali ambapo globu itazimika ghafla, ndipo ulipo ugonjwa.

Anzia kwenye mpira wa mlango wa nyuma, pale ambapo nyaya hupinda kila buti linapofunguliwa. Kwenye Probox, Noah na Hiace zinazopakia na kupakua mchana kutwa, nyaya hizo hukatika ndani ya mpira bila kuonekana nje. Kisha angalia kila kitu kilichoongezwa baada ya kiwanda: spotilaiti, king'ora, redio. Gari lililolala siku nyingi bila kuwashwa likaguliwe pia meno ya panya chini ya boneti.

Breki na indiketa

Taa za breki zikifa zote na taa ndogo zinawaka, kagua fyuzi ya STOP, halafu swichi iliyo juu ya pedali. Ni kijidude kidogo chenye nyaya mbili au nne. Chomoa plagi yake, unganisha mashimo mawili ya nyaya za taa kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi ndiyo mbovu, na bei yake ni ndogo. Kwenye gari la otomatiki kuna dalili nyingine: swichi hiyo ikifa, gia hukataa kutoka kwenye P. Kinyume chake pia hutokea. Kuna kipande cha plastiki au mpira kinachoisukuma swichi, na kwenye Honda na Nissan nyingi za zamani hubomoka kwa uzee. Taa za breki hukaa zinawaka usiku kucha, asubuhi betri imekufa, na mwenye gari anauziwa betri mpya. Ukikuta vumbi la plastiki kwenye zulia chini ya pedali, angalia hapo kwanza.

Globu ya nyuma yenye nyuzi mbili, wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo, ina ugonjwa wake. Uzi mkubwa ukikatika, kipande chake kinaweza kuangukia uzi mdogo na kuziunganisha njia mbili. Kukanyaga breki kukiwasha taa za dashibodi, toa globu uitikise karibu na sikio, uitazame kwenye jua.

Indiketa hujieleza zenyewe. Upande mmoja ukipepesa kwa kasi, kuna globu iliyokufa upande huo, kwani kifaa cha kupepesa kwenye magari mengi hupima umeme unaopita na huharakisha ukipungua. Hazadi zikifanya kazi na indiketa hazifanyi, kifaa cha kupepesa ni kizima. Kagua fyuzi ya TURN na swichi ya usukani. Zikifa zote pamoja, ndipo ushuku kifaa chenyewe.

Anayebadilisha globu za indiketa kuweka LED ataona mpepeso wa kasi hata kama zote zinawaka, kwa sababu LED huvuta umeme kidogo mno. Anahitaji kifaa cha kupepesa cha LED. Kwenye taa kubwa jambo ni zito zaidi. LED za bei rahisi zilizowekwa ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni hutawanya mwanga hovyo. Dereva wake huona majani ya pembeni yakimeremeta na kudhani amepata taa nzuri, ilhali anayekuja mbele amepofuka. Kwenye barabara nyembamba yenye waenda kwa miguu kama hii ya kusini, kufanya hivyo ni kuhatarisha watu wasio na kosa.

Kioo na mwelekeo

Jua la pwani huunguza plastiki ya taa hadi iwe manjano. Dawa ya meno hung'arisha kwa muda mfupi tu. Kazi ya kudumu ni msasa wa maji, namba 800, kisha 1000, kisha 2000, halafu polishi, na mwisho rangi angavu ya kuzuia jua. Ukiacha hatua hiyo ya mwisho, umanjano hurudi baada ya miezi michache.

Kupima mwelekeo, simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, utie alama hiyo ukutani. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe karibu sentimita 5 chini ya alama, na upande wa kushoto upande kidogo ili kumulika ukingo wa barabara. Gari lililopakiwa magunia nyuma huinua pua na kumulika macho ya watu. Mengi ya Kijapani yana kigurudumu kidogo kwenye dashibodi cha kushushia taa, ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukigusa. Na asubuhi ya ukungu Kwale mjini, kule juu ya vilima vya Shimba, tumia dimu. Fulu hugonga ukungu na kukurudia machoni.

Kazi moja usiifanye nyumbani: taa za xenoni, zilizoandikwa D2 au D4 kwenye globu. Kuziwasha huhitaji maelfu ya volti, na mshtuko wake unaweza kuua. Mpelekee fundi anayezijua.

Gari likiegeshwa kila siku karibu na ufuo wa Diani, au likiteremshwa mchangani kuvuta boti, lioshwe kwa maji ya bomba au ya mvua, chini na nyuma ya taa. Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvi yake. Soketi na bolti za hasi zifunguliwe na kupakwa vaselini upya mara moja kwa mwaka, wakati mzuri ukiwa Machi kabla ya masika. Na ukilipeleka gari kwa fundi wa waya, mwombe akupimie volti kwenye taa mbele yako, kabla hajaanza na baada ya kumaliza. Fundi mzuri hataudhika, na wewe utajua ulicholipia.